Dume aliyezaliwa pacha: jeni zinazoamua idadi ya wana-kondoo

Wafugaji wengi wakienda kununua kondoo dume huuliza kwanza kama alizaliwa pacha. Wakiambiwa ndiyo, roho inatulia, kwa imani kwamba mabinti wa dume huyo nao watazaa wawili wawili. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Wakati huohuo wapo madume ambao jeni moja tu waliyoibeba huongeza karibu mwana-kondoo mmoja mzima katika kila uzao wa kila binti yao. Yote mawili ni urithi, lakini hayafanani kabisa katika nguvu wala katika namna yanavyopita kutoka kizazi hadi kizazi. Anayeyachanganya anaweza kuchagua mbegu miaka mingi na asione kundi lake likibadilika.

Kwanza tujue pacha wa kondoo hutoka wapi. Ni nadra sana yai moja la kondoo kugawanyika likatoa wawili. Karibu mapacha wote wametokana na mayai mawili yaliyopevuka na kutoka katika joto moja, yaani kipindi kimoja ambacho jike yuko tayari kupandwa, kila yai likatungishwa na mbegu yake. Idadi ya wanaozaliwa basi ni hesabu ya mayai yaliyotoka, ukiondoa yale yasiyotungishwa na mimba zilizoharibika njiani. Hapa tayari tumepata jibu la swali moja linalozua ubishi mwingi: dume mwenye afya na mbegu za kutosha hana namna ya kumfanya jike azae pacha. Mayai ni ya jike. Jeni za dume kuhusu uzazi zimelala ndani yake maisha yake yote, na zinaonekana mara ya kwanza mabinti wake wanapozaa.

Jeni nyingi, kila moja na kidogo chake

Katika aina nyingi za kondoo, idadi ya wana kwa uzao inaongozwa na jeni nyingi sana, na kila jeni inasukuma kidogo tu. Watafiti hupima nguvu ya urithi wa namna hii kwa kiwango cha kurithika, ambacho huanzia 0 hadi 1. Kwa uzito wa mwili au unene wa nyuzi za sufu, kiwango hicho huwa cha kuridhisha. Kwa idadi ya wana, mara nyingi huwa 0.1 au chini ya hapo. Maana yake ni kwamba ukitazama tofauti zote kati ya majike wa kundi moja, huyu kazaa mmoja na yule wawili, karibu sehemu moja tu kati ya kumi inatokana na jeni anazoweza kuwarithisha watoto wake. Sehemu nyingine zinatokana na umri wake, unene wake siku ya kupandwa, msimu, malisho, maradhi na bahati.

Tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo inayofungua macho. Chukua kundi ambalo wastani wake ni wana 1.3 kwa uzao. Jike mmoja anazaa wawili, na mmoja wa pacha hao ni dume unayetaka kumnunua. Mama amezidi wastani kwa 0.7. Kwa kiwango cha kurithika cha 0.1, tunachoweza kutarajia kuwa ni cha jeni katika ziada hiyo ni 0.07. Dume amepata nusu yake, 0.035. Binti wa dume atapata nusu ya nusu, yaani 0.0175. Mabinti 100 wa dume huyo, kwa hesabu hii, watakupa takriban wana wawili zaidi katika msimu mmoja wa kuzaa kuliko mabinti wa dume wa kawaida. Wawili katika mia! Si sifuri, na kwa miaka mingi hujumlishika, lakini hakuna mfugaji atakayewaona kwa macho bila daftari.

Mambo hubadilika ukiwa na kumbukumbu ndefu. Mama aliyezaa mara tano na kila mara wawili ni ushahidi mzito zaidi, karibu mara tatu ya uzao mmoja, kwa sababu bahati ya mwaka mmoja inafutwa na mwaka mwingine. Ukiongeza rekodi za dada zake, bibi yake na mabinti wa baba yake, picha inakaza zaidi. Ndiyo maana makundi yanayochaguliwa kwa makadirio ya thamani ya uzazi yanayokusanya rekodi za ukoo mzima yameweza kusogeza wastani wao kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Ni mwendo wa polepole, lakini haurudi nyuma kirahisi.

Urefu wa mwendo huo unaonekana katika aina zenye sifa ya kuzaa sana. Finnsheep wa Ufini na Romanov wa Urusi huzaa wastani wa zaidi ya wawili, na watatu au wanne kwa mpigo si ajabu kwao. D'Man wa oasisi za Moroko ni mfano mwingine unaojulikana. Romanov hasa ni matokeo ya jeni nyingi ndogo zilizolundikana kwa vizazi. Kwa kuwa jeni hizo hujumlishika, mabinti chotara wa dume wa Finnsheep na majike wa aina inayozaa mmoja mmoja huangukia karibu katikati ya wastani wa pande mbili. Hiyo ni njia ya mkato ya halali kabisa: badala ya kupanda ngazi moja kila mwaka, unaazima ngazi ambazo wengine walishazipanda. Gharama yake ni kwamba unaazima na mengine yote ya aina hiyo, yaani umbo, manyoya, na namna anavyovumilia joto au magonjwa.

Shamba la Booroola

Kisha kuna habari iliyobadilisha kabisa namna watafiti wanavyolitazama suala hili. Karibu na Cooma, jimbo la New South Wales nchini Australia, familia ya Seears ilikuwa na kundi la kondoo wa sufu wa Merino kwenye shamba liitwalo Booroola. Merino si mzazi hodari, kuzaa mmoja ndiyo kawaida yake. Lakini katika kundi hilo walikuwapo majike waliozaa watatu, wanne, hata zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya kondoo wao walifika CSIRO, taasisi ya taifa ya utafiti ya Australia, ambako Helen Newton Turner na wenzake walikuwa wakichunguza uzazi wa Merino.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni jeni nyingi ndogo kama kawaida. Tatizo ni kwamba mabinti wa madume wa Booroola hawakujipanga kwa mteremko laini kama jeni nyingi zinavyofanya. Walijigawa katika makundi. Mwaka 1982 likatolewa pendekezo ambalo wakati huo lilisikika la ujasiri: hii ni jeni moja kubwa. Baadaye ikaitwa FecB.

Kabla ya vipimo vya DNA, njia ya kumtambua jike mwenye jeni hii ilikuwa kumchungulia tumboni kwa kifaa chenye lenzi na kuhesabu kwenye ovari alama zinazobaki pale mayai yalipotoka. Aliyewahi kutoa mayai matano au zaidi kwa mara moja alihesabiwa kuwa na nakala mbili, moja kutoka kila mzazi. Mwenye matatu au manne alihesabiwa kuwa na nakala moja. Asiyefika matatu hakuwa nayo. Dume, kwa kuwa hana ovari, alilazimika kusubiri mabinti wake wakue ndipo ajulikane ni nani. Fikiria muda na kazi iliyoingia katika kumthibitisha dume mmoja.

Takwimu za FecB zinafaa kukumbukwa. Nakala moja huongeza takriban mayai 1.5 kwa kila joto, na nakala mbili takriban 3. Kwa upande wa wana wanaozaliwa, nakala moja huongeza karibu 1 na nakala mbili karibu 1.5. Rudi kwenye hesabu yetu ya mabinti 100. Dume mwenye nakala mbili huwapa mabinti wake wote nakala moja, kwa hiyo mia yao huzaa takriban wana 100 zaidi kwa msimu. Dume aliyezaliwa pacha katika kundi la kawaida alituletea wawili.

Na jeni hii haikuanzia Australia. Kumbukumbu za meli zinaonyesha kwamba mwaka 1792 na 1793 kondoo wa Bengal walipelekwa huko kutoka Calcutta, na walisifiwa kwa kuzaa sana. Kondoo wa Garole, wadogo wa umbo, wangali wanafugwa kwenye nyanda za maji za Sundarbans, na walipopimwa walikutwa na FecB ileile. Ilikutwa pia kwa kondoo wa Java, na kwa Hu na Small-tailed Han wa China. Kwa Hu imeenea kiasi kwamba karibu wote wana nakala mbili. Kitu kilichoonekana muujiza wa shamba moja kilikuwa urithi wa zamani wa kondoo wa Asia.

Mazungumzo ndani ya ovari

Mwaka 2001 makundi matatu ya watafiti yalifikia jibu moja kwa wakati mmoja. FecB ni badiliko la herufi moja katika jeni ya BMPR1B iliyoko kwenye kromosomu ya 6. Herufi moja ya DNA imebadilika, asidi amino moja katika protini ikabadilika, na uzazi wa mnyama mzima ukabadilika nayo.

Kuelewa kwa nini, tazama jinsi yai linavyokua. Kila yai limo ndani ya kifuko chake, limezungukwa na seli zinazolilisha na kutengeneza homoni. Mwanzoni mwa kila mzunguko vifuko kadhaa huanza kukua pamoja vikisukumwa na homoni ya FSH itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Kadiri vinavyokua, seli zake hutoa homoni zinazoiambia tezi hiyo ipunguze FSH. FSH inaposhuka, vifuko vingi hufa njaa. Kinachobaki ni kile kilichokomaa vya kutosha kuendelea bila kuitegemea sana FSH. Kwa kondoo wa kawaida huwa ni kimoja, wakati mwingine viwili.

Watu wengi hudhani yai hukaa tu likisubiri. Kumbe yai lenyewe hutoa protini mbili, BMP15 na GDF9, zinazozungumza na seli zinazolizunguka. Pamoja na kusaidia kifuko kukua, protini hizi ni breki: huzizuia seli zisikomae mapema. BMPR1B ni kipokezi kilichoko juu ya seli hizo, kinachopokea ujumbe wa familia hiyo ya protini. Kipokezi cha Booroola hakipitishi ujumbe sawasawa, breki inalegea, na vifuko vinakomaa vikiwa bado vidogo. Kwa Merino wa kawaida kifuko kilichopevuka huzidi milimita 5 kwa kipenyo, kwa jike wa Booroola hupevuka kikiwa hata na milimita 3 hadi 5. Kwa kuwa ni vidogo, kila kimoja kina seli chache na hutoa homoni kidogo, kwa hiyo inahitajika idadi kubwa zaidi ya vifuko ili tezi ipate ishara ya kupunguza FSH. Ukijumlisha homoni ya vifuko vyote vya jike wa Booroola, inakaribiana na ile ya kifuko kimoja kikubwa cha jike wa kawaida. Mwili wake umepata kiasi kilekile cha homoni, ila umekigawa kwa mayai mengi. Kwangu mimi, hakuna sehemu ya biolojia ya mifugo inayopendeza kuliko hii.

Moja ni neema, mbili ni utasa

Kabla ya FecB kufumbuliwa, New Zealand walikuwa na fumbo lao. Jike mmoja wa Romney aliyesajiliwa kwa namba A281 alizaa wana 33 katika uzao 11. Ukoo wake uliitwa Inverdale. Mabinti waliobeba jeni yake walitoa karibu yai moja zaidi na kuzaa takriban wana 0.6 zaidi kwa uzao. Lakini urithi wake ulikuwa na tabia ya ajabu: madume waliwapa mabinti wote, na hawakuwapa wana wa kiume kamwe. Hiyo ni dalili ya jeni iliyoko kwenye kromosomu X, kwa sababu baba humpa binti X yake na mwana Y yake.

Kilichoshangaza zaidi ni majike waliopata nakala mbili, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Hao walikuwa tasa kabisa, na ovari zao hazikukua. Mwaka 2000 jibu likapatikana: jeni ya Inverdale ni BMP15 iliyoharibika, ileile protini ya yai tuliyoitaja. Jike mwenye nakala moja nzima na moja mbovu ana breki iliyolegea, naye hutoa mayai mengi. Asiye na nakala nzima hata moja hana ujumbe wowote, na vifuko vyake husimama kukua tangu hatua za mwanzo kabisa. Kumbe protini ileile inayozuia ndiyo inayowezesha, na kila kitu kinategemea kipimo chake.

Toka hapo mifano imefuatana. Belclare wa Ireland na Cambridge wa Uingereza wana mabadiliko yao katika BMP15 na katika GDF9. Rasa Aragonesa wa Hispania wamepungukiwa kipande cha BMP15. Kondoo wa Iceland wa ukoo wa Thoka wana badiliko katika GDF9. Kwa hao wote sheria ni ileile: nakala moja huongeza, mbili huleta utasa. Hata hivyo sheria ina wasioifuata. Grivette wa Ufaransa na Olkuska wa Poland wana mabadiliko ya BMP15 ambayo majike wenye nakala mbili huzaa zaidi, hawawi tasa. Badiliko moja la GDF9 linalopatikana kwa Finnsheep na kwa kondoo weupe wa Norway nalo huongeza bila utasa, jambo linaloonyesha kuwa hata aina tuliyoiweka kwenye fungu la jeni ndogondogo ina jeni yake yenye uzito. Mpaka kati ya mafungu mawili haujanyooka kama nilivyouchora mwanzoni.

Lacaune wa Ufaransa wana jambo la pekee: pamoja na badiliko la BMP15 wana jeni nyingine, FecL, kwenye kromosomu ya 11. Huko protini haikuharibika. Jeni iitwayo B4GALNT2, ambayo kwa kawaida haina kazi kwenye ovari, imewashwa humo pasipostahili.

Mayai mengi si wana wengi

Angalia tena takwimu za FecB. Mayai 3 zaidi, wana 1.5 zaidi. Nusu wamepotelea njiani, na huo ndio upande wa urithi ambao wauzaji wa madume huupitia haraka. Mfuko wa uzazi una nafasi yake. Kila mimba inahitaji sehemu ya kushikamana na kondo lake, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo kila moja inavyopata kidogo na ndivyo nyingine zinavyofyonzwa mapema bila mfugaji kujua. Uwezo wa mfuko wa uzazi kubeba nao una urithi wake, tofauti na urithi wa kutoa mayai. Jike anaweza kuwa na jeni za mayai matano na mwili wa kubeba wawili.

Baada ya kuzaliwa hesabu inaendelea. Kondoo ana chuchu mbili. Wana watatu huzaliwa wepesi kuliko wawili, hupoteza joto upesi, hugombania dang'a ya saa za mwanzo, na vifo vyao huwa vingi zaidi sana. Mama mwenye mimba ya watatu asiyelishwa vya kutosha wiki za mwisho hudhoofika kwa kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, na anaweza kufa nao tumboni. Msimamo wangu ni kwamba lengo ni wana wawili walioachishwa kunyonya wakiwa wazima, na kipimo chochote kinachoishia siku ya kuzaa kinamdanganya mfugaji.

Ndiyo maana naipenda kazi iliyofanywa Phaltan, jimbo la Maharashtra nchini India, na taasisi ya Nimbkar. Waliichukua FecB kutoka kwa Garole wakaiingiza kwa kondoo wa Deccani, ambao huzaa mmoja mmoja, kwa kupandisha tena na tena na Deccani huku wakichagua waliobeba jeni. Uzao ulipanda kwa kiasi, pacha wakaongezeka, watatu wakabaki wachache. Jeni ileile iliyoleta uzao wa watano na sita kwenye Merino ilitulia ilipokutana na msingi mwingine wa jeni na malisho mengine. Aina ya kondoo inayopokea jeni kubwa ina neno lake katika matokeo.

Ukitaka kuzitumia

Leo sampuli ndogo ya damu, sikio au manyoya yenye mizizi inatosha kupima FecB au mabadiliko yanayojulikana ya BMP15 na GDF9, na dume anajulikana akiwa bado ananyonya. Kabla ya kupima ni vizuri kulisha majike vizuri wiki chache kabla ya kupandisha na kuwaacha wafike umri wao mzuri, kati ya miaka minne na sita hivi, maana kondoo aliyekonda hatatoa mayai anayoweza kutoa hata akiwa na jeni gani. Wengi watakuta hapo ongezeko walilokuwa wakilitafuta kwenye damu.

Anayenunua dume wa jeni kubwa anapaswa kujua ni jeni ipi na nakala ngapi, kwa cheti cha maabara. Kwa FecB, dume wa nakala mbili kwa majike wasio nayo hutoa mabinti wote wa nakala moja, nao ndio wanaofaa zaidi kwa mfugaji wa kawaida. Ukiwarudisha mabinti hao kwa dume kama baba yao, nusu ya watoto watakuwa na nakala mbili, na utaanza kuona wanne na watano usioweza kuwalisha.

Kwa Inverdale na wenzake wa BMP15 wanaoleta utasa tahadhari ni kali zaidi. Dume mwenye jeni hiyo akipanda majike wasio nayo, mabinti wote hupata nakala moja na wote huzaa vizuri. Akipanda majike waliokwisha kuibeba, nusu ya mabinti watakuwa tasa, na utawalisha mwaka mzima au miwili kabla ya kugundua. Kwa hiyo majike wenye Inverdale wapandwe na dume wa aina nyingine ya nyama asiye na jeni hiyo, watoto wao wote wauzwe, wa kiume kwa wa kike, na majike wapya wa kuziba nafasi watoke tena kwa dume mwenye jeni na kundi lisilo nayo. Inahitaji makundi mawili yasiyochanganyika, alama za sikio zisizofutika, na daftari linaloandikwa siku ileile mwana-kondoo anapodondoka.